Dante anavyoanguka: kutoka kwa Francesca hadi kwa Beatrice

Kila mwaka nikifundisha Divina Commedia, lile shairi refu la Dante, kuna mwanafunzi lazima aulize, mwalimu, huyu jamaa anabadilika wapi, mbona anatembea tu akiangalia watu wanavyoteseka? Mi huwa namwambia fuatilia mwili wake, angalia analia wapi na anaanguka wapi.

Dante alizaliwa Florence 1265, siasa zikamfukuza kwao 1302, akafia Ravenna 1321. Shairi lina kanto (yaani sura) 100, na safari ya Motoni, Toharani mpaka Peponi ameiweka Pasaka ya mwaka 1300. Sasa shika hili: Dante anayeandika si yule anayetembea. Yule anayetembea kapotea msituni, huyu anayeandika alishavuka, kwa hiyo akijionyesha anakosea anajua kabisa anachofanya.

Anazimia mara tatu. Ya kwanza, kanto ya 3 ya Motoni, ni tetemeko na mwanga mwekundu, hofu tu, tuiache. Ya pili iko kanto ya 5. Hapo anakutana na Francesca akiwa na Paolo, shemeji wa huyo Francesca, upepo unawapeperusha bila kupumzika, na Francesca anaongea vizuri mno jamani, mara tatu anaanza na neno mapenzi, mapenzi yalimshika huyu, mapenzi yakanishika mimi, mapenzi yakatufikisha kwenye kifo kimoja, halafu walikuwa wanasoma kisa cha mapenzi cha Lancelot, shujaa wa hadithi za kale, wakabusiana, na lawama anakitupia kitabu na aliyekiandika. Msikilize tena taratibu. Mapenzi yamefanya, kitabu kimefanya, yeye mwenyewe hayumo! Na Dante anazama humo humo, analia, anaanguka kama maiti inavyoanguka. Mi naamini kilichomwangusha ni kwamba lugha ile ni yake, ndo aliyoandikia mashairi ya mapenzi ujanani, amejisikia mwenyewe kwenye kinywa cha mtu aliyehukumiwa ila hajaligundua, anadhani anamlilia mtu mwingine.

Wengi wanasema kukua kwake ni kule kuacha huruma, maana huko chini kwenye barafu ya wasaliti anamng'oa Bocca degli Abati nywele kichwani. Sikubaliani nao. Kuchukia dhambi ya mwenzio hakukugharimu kitu. Kwangu mbegu yenyewe iko kanto ya 30 ya Motoni, pale anapotega masikio kufurahia ugomvi wa wadanganyifu wawili, Virgil, yule mshairi wa kale wa Roma anayemwongoza, anamkaripia, naye anashikwa na aibu kiasi kwamba anataka kuomba radhi maneno hayatoki, na Virgil anamwambia aibu ndogo kuliko hiyo inaosha kosa kubwa kuliko hilo. Safari hii aliyekamatwa ni yeye.

Toharani mbegu inaota. Malaika anamchora herufi P saba kwenye paji la uso, P ya peccato, yaani dhambi kwa Kiitaliano. Kwenye ngazi ya wenye kiburi watu wamebebeshwa mawe, yeye hana jiwe lakini anainama ili aongee na Oderisi mchoraji, wanakwenda sambamba kama ng'ombe wawili kwenye nira, na kanto ya 13 anakiri kwamba wivu haumtishi sana, anachoogopa ni ule mzigo wa kule chini, tayari anausikia mgongoni.

Kanto ya 27 Virgil anamtangazia kwamba utashi wake sasa uko huru na umenyooka, ungedhani kazi imeisha, kumbe bado. Kanto ya 30 anatokea Beatrice, mwanamke ambaye Dante alimpenda tangu ujanani, Dante anageuka kumwambia Virgil kama mtoto anavyomkimbilia mama yake, Virgil hayupo. Analia. Beatrice anamwita kwa jina, Dante, na jina hilo linatajwa mara hiyo moja tu katika shairi zima, anamwambia usilie sasa, kuna upanga mwingine utakaoulilia. Kisha anataka akiri kwa mdomo wake mwenyewe. Sauti inakatika, na ikitoka anasema vitu vya dunia na raha zao za uongo viligeuza hatua zangu, yaani hata hapo unamsikia Francesca kwa mbali, vitu ndivyo vilivyofanya. Beatrice hamwachii. Anamwambia inua ndevu, hasemi inua uso, anasema ndevu, na Dante mwenyewe anaandika kwamba aliisikia sumu iliyomo: we si mtoto tena.

Hapo ndo anaanguka mara ya tatu, majuto yameung'ata moyo. Na safari hii hakuna mfano wa maiti wala wa chochote, anasema tu kwamba alivyokuwa wakati ule anajua yule aliyemsababishia, yaani Beatrice. Fahamu zinamrudia yuko kwenye Lethe, mto wa kusahau dhambi, maji yamemfika kooni, na Matelda, mwanamke aliyekutana naye huko juu Toharani, anamvuta.