Moshi hauiti mvua jamani

Kiangazi kikikaribia kuisha, huku Misungwi na Magu, mkoani Mwanza, watu wanawasha mapori halafu utasikia "choma tu, moshi ndo unaita mvua", na kweli ukichoma Septemba, Oktoba inanyesha, ila ingenyesha tu hata usingechoma, si ndo msimu wenyewe umefika. Mvua inataka unyevu, na Ziwa Victoria linao: usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote unakutana katikati ya ziwa, hewa inapanda, radi zinaanza (waulize wavuvi wa dagaa). Moshi mwingi wenyewe unagawa maji ya wingu kwenye vitone vidogo mno, vinachelewa kudondoka. Majani mabichi baadaye yanachipua, sikatai, mpaka hapo ng'ombe anakula nini?