Skrini printi: kwa nini bei ya tishati hushuka oda ikiwa kubwa

Mtu akiingia kwenye duka la kuchapa tishati hapa Mombasa, swali lake la kwanza huwa ni bei: "Tishati moja mwachapa shilingi ngapi?" Fundi anayeijua kazi yake hujibu kwa kuuliza: "Wataka ngapi? Na mchoro una rangi ngapi?" Hakwepi swali. Bila majibu hayo hana bei ya kukupa, maana kila njia ya kuchapa ina hesabu yake, na ile inayofaa tishati 10 za sherehe ya nyumbani inaweza kukutia hasara kwenye oda ya 300 za shule au za chama.

Njia inayotawala oda kubwa ni skrini printi. Si mpya: Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, aliipatia hataza mwaka 1907, wakati wavu wake ulikuwa wa hariri. Leo wavu ni wa poliesta, umekazwa kwenye fremu ya mbao au ya alumini, na fremu pamoja na wavu wake ndiyo skrini. Wavu hupakwa emalsheni, dawa ya majimaji inayoganda ikipigwa na mwanga. Mchoro huchapwa kwa wino mweusi kwenye plastiki angavu, ukabandikwa juu ya wavu, kisha taa kali huwashwa. Palipopata mwanga hushika na kuwa pagumu. Palipofichwa na weusi hubaki laini, na maji yakipigwa hapo dawa hutoka, pakabaki uwazi wenye umbo la mchoro. Tishati hulazwa chini ya fremu, wino humiminwa juu, na fundi huuvuta kwa ubao wenye ncha ya mpira. Wino hupenya pale penye uwazi tu. Tishati hiyo ikiondolewa, inayofuata huwekwa papo hapo.

Jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi ni kwamba kila rangi hutaka skrini yake. Nembo ya nyekundu, kijani na manjano ni skrini 3, na zote lazima zilengane barabara, la sivyo rangi moja itapanda juu ya nyingine. Tishati ikiwa nyeusi au ya buluu iliyokoza, mara nyingi huongezwa skrini ya wino mweupe chini, ili rangi za juu zing'ae badala ya kumezwa na kitambaa. Hapo zimekuwa 4.

Kazi hiyo yote hufanywa kabla tishati ya kwanza haijachapwa, na hugharimu kiasi kile kile uwe wachapisha 5 au 500. Ni kama leso za Biashara Street: hakuna anayetengenezewa leso moja peke yake yenye jina alilolitaka, kwa sababu kuandaa mji, pindo na jina ndiko kunakokula gharama, na gharama hiyo hurudi kwa kuchapa jora baada ya jora.

Tufanye hesabu, kwa bei za mfano tu. Tuseme skrini moja ni shilingi 1,500 na nembo yako ina rangi 3. Hizo ni 4,500 kabla ya kuanza. Kuvuta wino kwenye kila tishati, tuseme ni shilingi 80. Ukichapisha tishati 10, gharama ya skrini pekee inaongeza 450 kwa kila moja, na uchapaji unafika shilingi 530. Ukichapisha 300, ile 450 inakuwa 15, na uchapaji unashuka hadi 95. Sasa linganisha na njia isiyotaka skrini, tuseme inatoza 250 kwa tishati, iwe moja au elfu. Tofauti ya 250 na 80 ni 170. Gawanya 4,500 kwa 170, utapata 26 na kitu. Kwa bei hizo, kuanzia tishati ya 27 skrini printi ndiyo nafuu. Bei za fundi wako zitakuwa nyingine, lakini mgawanyo ni huo huo, na unaweza kuufanya kwa simu ukiwa umesimama pale pale dukani.

Hiyo njia isiyotaka skrini, mara nyingi siku hizi ni DTF (direct-to-film). Mchoro huchapwa kwenye filamu ya plastiki, rangi kwanza kisha nyeupe juu yake, ukanyunyiziwa unga wa gundi, ukapashwa moto hadi gundi iyeyuke, halafu ukabonyezwa kwenye nguo kwa mashine ya joto. Haijali idadi ya rangi, na hushika pamba na poliesta pia. Kwa oda ndogo, au picha ya mtu yenye rangi zisizohesabika, sioni haja ya kutafuta njia nyingine. Lakini kwenye oda ya mamia, kila tishati hutaka kipande chake cha filamu, unga wake na zamu yake kwenye mashine. Bei haishuki kwa kasi unayoitarajia.

Majina na namba za wachezaji ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa kila mgongo ni tofauti na skrini haiwezi kubadilika tishati kwa tishati. Hapo nembo ya kifuani hupigwa skrini, na migongo huwekewa vainili (karatasi ya plastiki) iliyokatwa au DTF. Sublimesheni, njia nyingine ya kuchapa, ni ya poliesta nyeupe au ya rangi hafifu tu. Rangi yake hugeuka mvuke na kuingia ndani ya nyuzi, kwa hiyo ukipapasa kitambaa hutahisi kitu, ila kwenye pamba haishiki. Kudarizi waachie kola, kofia na sare za ofisi.

Jezi za poliesta zina mtego wake hata kwenye skrini printi. Ukipiga wino mweupe wa kawaida kwenye jezi nyekundu, moto wa kukaushia unaweza kuiamsha rangi ya kitambaa ikapanda hadi kwenye wino. Maandishi yatoke meupe jioni, baada ya siku chache yawe ya waridi. Dawa yake ni wino uliotengenezwa kwa ajili ya poliesta, unaoiva kwa joto la chini. Mwulize fundi mapema kama anao.

Kuhusu wino wenyewe, uliozoeleka ni plastisoli, na huu haukauki kwa hewa. Lazima uive kwa joto, kwa kawaida karibu nyuzi 160 za Selsiasi, kina chote cha wino. Jua la Mombasa kwa ukali wake wote halifiki huko. Wino wa tishati iliyoanikwa kwenye kamba badala ya kupitishwa kwenye moto utaanza kumeguka ikifuliwa. Unapopewa sampuli, ivute kidogo kwa mikono miwili: wino ulioiva hunyumbuka na kurudi, ambao haukuiva hupasuka. Kisha ifue nyumbani kabla hujaruhusu zile 300 zichapwe.

Mimi, kwa joto letu hili, napendelea wino wa maji kwenye tishati za pamba zenye rangi hafifu. Huzama kwenye kitambaa, na kifua hupumua. Bonge la plastisoli la upana wa kifua kizima, kwenye matembezi ya mchana kutwa, huweka jasho ndani kama koti. Wino wa maji unataka fundi mwepesi lakini, kwa sababu hukauka ndani ya wavu. Akienda kula akauacha, wavu umeziba. Unyevu wa pwani nao una lake: emalsheni isipokauka sawasawa kabla ya kupigwa taa, huchubuka kwenye maji na kingo za herufi zikatoka zimeliwa. Karakana yenye chumba kikavu cha kukaushia skrini ni dalili njema.

Kabla ya kulipa arubuni, peleka mchoro wa vekta (wa kompyuta, unaokuzwa bila kupoteza ukali), si skrinishoti ya simu kutoka WhatsApp. Agiza tishati chache za ziada, kwani kwenye mamia chache huharibika. Kama oda ina saizi za watoto, uliza kama mchoro wa watu wazima utaenea kwenye vifua vyao, maana kuupunguza ni skrini nyingine. Na kama mtarudi mwakani na nembo ile ile, kubalianeni skrini zihifadhiwe, na mwaka usiandikwe kwenye mchoro. Kwa kawaida wavu huoshwa emalsheni yote kazi ikiisha ili fremu itumike kwa mteja mwingine, na ukirudi utalipia skrini upya.