Kidole gumba kujikunja baada ya upasuaji wa kifundo cha mguu

Kliniki yetu ya mifupa imekuwa ikipokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu, wengi wao majeruhi wa bodaboda: mfupa umeunga vizuri, lakini kidole gumba kimejikunja na ncha yake imeota sugu inayouma kila wanapokanyaga. Baadhi yao hudhani kwamba ni baridi iliyoingia kwenye vyuma vilivyowekwa kuushika mfupa, na kwamba dawa ni kukikanda kidole kwa nguvu au kuvitoa vyuma hivyo.

Tunapompima mgonjwa, tunamketisha na kumtaka aelekeze wayo chini, na kidole kinanyooka. Akiuinua wayo kuelekea kwenye muundi, kidole kinajikunja chenyewe kana kwamba kimevutwa kwa kamba. Kamba hiyo ni kano ya msuli unaokunja kidole gumba, ambao huanzia nyuma ya mfupa mwembamba wa mguu na kupita nyuma ya kifundo, jirani kabisa na mahali palipovunjika. Msuli au kano ikinaswa na kovu, au na mfupa mpya unaounga, haitelezi tena.

Ni lazima tuseme wazi, kwa kuwa tumelirudia hili mara nyingi mno: kidole hicho hakikukunjwa na baridi iliyoingia kwenye vyuma, na kukikanda kwa nguvu hakutaikwamua kano iliyoshikwa na kovu. Kutoa vyuma peke yake nako si tiba, isipokuwa pale chuma chenyewe kinapoibana kano. Mazoezi ya kunyoosha kidole husaidia yakianza mapema kwa maelekezo ya mtaalamu. Tatizo likishakomaa, mara nyingi huhitajika upasuaji wa kuikwamua kano au kuirefusha.

Jambo moja halisubiri tarehe ya kliniki. Katika siku za mwanzo, maumivu makali yanayozidi vidole vinaponyooshwa, pamoja na ganzi na mguu kukaza, yanaweza kumaanisha kwamba misuli inakosa damu. Rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Wasio na dalili hizo za dharura waje kliniki na barua ya rufaa, muhtasari wa upasuaji na filamu zote za eksirei, za kabla na za baada. Asiye na muhtasari aombe nakala kwa maandishi katika ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa ya hospitali alikopasuliwa, akitaja namba ya faili na tarehe aliyolazwa. Aje pia na viatu anavyovaa kila siku, kwa sababu mahali vilipolika hutuonyesha jinsi anavyokanyaga.