Gap-toothed: ni mwanya au ni pengo?

Zamani kidogo nilitafsiri hadithi fupi yenye mzee mmoja hohehahe, nguo zimemchakaa, anapiga hodi kuomba maji. Mwandishi alimwita "a gap-toothed old man". Mimi huyo, bila kusita, nikaandika "mzee mwenye mwanya". Mhariri akanirudishia ukurasa na swali moja pembeni: "Huyu naye kawa mtanashati?"

Nilicheka, lakini alinipata. Mwanya ni ule uwazi wa kuzaliwa nao katikati ya meno ya mbele, na Mswahili akimtajia mtu mwanya, mara nyingi anamsifu. Pengo ni pale jino lilipokuwepo likang'oka. Kiingereza hakina habari na tofauti hiyo. Gap-toothed humchukua binti mwenye mwanya wake, mtoto wa miaka 6 aliyeanza kung'oka meno ya utoto, na mzee aliyebakiwa na meno ya kuhesabika, wote kapu moja.

Kwa hiyo soma kwanza nani anatabasamu. "A gap-toothed six-year-old" ana mapengo, hapo hakuna mjadala. Mwanamitindo mwenye "gap-toothed smile" huenda ana mwanya. Matini ikikaa kimya, mimi huandika "meno yaliyoachana", maana hayasifu wala hayasimangi.

Sarufi yake haina makuu. Ile -ed ya mwisho si ya wakati uliopita; kazi yake ni ya "-enye" yetu, kama katika blue-eyed au long-haired. Ndiyo maana tooth inabaki umoja hata meno yakiwa thelathini: gap-teethed ni kosa, nami nimelikuta hata kwa watu wanaolipwa kuandika. Kistari kati ya maneno mawili kiache mahali pake. Na ukitamka, toothed ni silabi moja, inaishia kwa t. Usiivute ikawa "tuu-thed".

Je, Waingereza nao husifu? Neno lenyewe leo linaeleza tu. Sifa au kejeli huletwa na maneno ya jirani. Lakini Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, alimpa Mke wa Bath, mhusika wake katika The Canterbury Tales, meno ya namna hii (yeye aliandika gat-tothed), na mama huyo anajigamba kwamba yalimpendeza, tena ni alama ya Venus, mungu wa mapenzi. Huyo ningempa mwanya bila kuuliza mhariri.

Halafu kuna matumizi yasiyo na kinywa kabisa: "a gap-toothed fence", ua uliong'oka mbao hapa na pale, au safu ya nyumba ambayo baadhi zimebomolewa. Hapa ni mapengo moja kwa moja. Sijawahi kusikia ua mbovu ukisifiwa kwa mwanya.