Je, wajua kwa nini ulezi unahitaji mkono wa serikali nchini India?

Ulezi, au wimbi kama wengine wanavyouita, hauna makuu. Kwenye vilima vya Odisha, mashariki mwa India, unaota katika udongo mwembamba usio na mfereji hata mmoja. Uwele nao unastahimili joto la Rajasthan ambako mpunga bila umwagiliaji ungekauka. (Yote mawili asili yake ni Afrika, yalifika India maelfu ya miaka iliyopita.) Sasa, zao linalojitegemea hivi shambani linataka nini tena kwa serikali?

Linataka mnunuzi. Na mnunuzi huyo lilimpoteza kwa sera za serikali hiyohiyo, ingawa nia ilikuwa njema.

Miaka ya 1960 India ilikuwa ikipokea shehena za ngano kutoka Marekani ili watu wasife njaa. Zikaja mbegu mpya za ngano na mpunga zenye kuzaa sana, na mwaka 1965 likaundwa Shirika la Chakula la India, kazi yake kununua nafaka, kuzihifadhi na kuzifikisha kwenye maduka ya mgawo. Hilo liliokoa maisha, na halipaswi kubezwa. Lakini zilizonunuliwa kwa wingi ni ngano na mchele. Familia ya milimani ikaanza kupata dukani mchele wa bei nafuu, tena umeshakobolewa.

Neno hilo, kukoboa, lina uzito wake. Chukua kodo, mojawapo ya nafaka ndogondogo za India. Punje yake imefungwa ndani ya ganda gumu, kwa hiyo mwanamke anatwanga, anapeta, anatwanga tena, na bado nyingine zinabaki na maganda. Uwele una tatizo jingine: kiini chake kina mafuta mengi, na ukishasagwa mafuta hayo huanza kuharibika, hata unga ukawa mchungu baada ya siku chache. Mwenye duka hawezi kuuweka rafuni kama unga wa ngano. Anayesema watu waliacha vyakula hivi kwa kuona haya tu hajawahi kushika mchi.

Mwaka 2018 serikali ikaacha kuuita ulezi, uwele na wenzao nafaka duni, ikazipa jina la nafaka lishe. Mwaka huohuo bei ambayo serikali huutangazia ulezi kama kiwango cha chini cha kuununulia ilipanda kutoka rupia 1,900 hadi 2,897 kwa kilo 100. India ikauomba Umoja wa Mataifa uutangaze 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka hizi, na ikakubaliwa.

Bei iliyotangazwa, hata hivyo, si fedha mkononi. Kwa msimu wa 2025/26 ulezi ulipangiwa rupia 4,886 na mpunga wa kawaida 2,369, lakini mkulima wa Punjab, jimbo la kaskazini, haachi mpunga. Ekari yake inatoa mpunga mwingi zaidi, umeme wa kuvutia maji ya kisima haulipii, na serikali inaununua mpunga wake msimu hadi msimu.

Ndiyo maana mimi naiangalia zaidi Odisha kuliko sherehe za Delhi. Mpango wake wa mwaka 2017 ulianza na wilaya 7 na ukashika ncha zote mbili za kamba. Wakulima walisaidiwa mbegu, vikundi vya wanawake vikapewa mashine za kupura na kukoboa, kisha jimbo lenyewe likaanza kuununua ulezi na kuurudisha kwa walaji kupitia maduka ya mgawo.

Katika wilaya ya Keonjhar, humohumo Odisha, tangu 2020, watoto kwenye vituo vya malezi wanapewa ladu za ulezi, yaani vitonge vitamu. Gramu 100 za ulezi zina takriban miligramu 340 za kalisi, mara nyingi zaidi ya zile za mchele. Ladu hizo zinafinyangwa na wanawake wa vikundi vya hukohuko, na ulezi uliomo ndani yake tayari una mnunuzi.