Mpelelezi wa ridhaa habahatishi

Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili nilikohoa. Juzi mtu mmoja alikuwa akinisimulia kisa alichokisoma, cha kikundi cha wapenda okidi na chungu cha mashindano kilichotoweka usiku wa kuamkia siku ya majaji, na alipofika kwa yule mama mstaafu aliyemfichua mwizi akasema: "Ila huyo ni mpelelezi wa ridhaa tu, kwa hiyo alibahatisha." Uvumilivu ukaniishia hapo. Mama wa watu alikuwa amekagua mizizi ya kila okidi chumbani, amepanga saa za kila mtu, amemtega mshukiwa kwa swali la umwagiliaji. Shukrani yake ikawa hiyo "tu".

Maana yenyewe ni fupi, niitoe nipumue. Mpelelezi wa ridhaa ni mtu anayefumbua fumbo la uhalifu bila kuajiriwa wala kulipwa kwa kazi hiyo. Si polisi, si mtu wa kukodiwa. Ana shughuli zake nyingine, na kesi humkuta humo humo. Ndiye anayetawala hadithi nyepesi za upelelezi, zile ambazo maiti hupatikana nje ya macho yetu, damu haielezwi, na msomaji hulala bila kuacha taa ikiwaka. Mara nyingi ana jambo analolipenda kupita kiasi, kama kushona, kuoka, kufuga nyuki, au kutunza mimea. Basi. Tuje kwenye neno lenyewe, maana ugomvi wangu uko huko.

Ridhaa tumeitoa katika Kiarabu, na ukoo wake umejaa kinywani mwetu: radhi, ridhia, ridhika, ridhisha. Anayemwangukia mama yake kuomba radhi na bondia wa ngumi za ridhaa wanachota kisima kimoja. Matumizi tuliyoyazoea zaidi ni yale ya ukubali: ndoa hufungwa kwa ridhaa ya wawili, na daktari huomba ridhaa ya mgonjwa kabla ya kumpasua. Ndiyo maana kijana mmoja aliwahi kuniuliza, kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu. Huyo mpelelezi wa ridhaa anapeleleza kwa ridhaa ya nani?" Niliona wenzake wanacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lilikuwa zuri kuliko majibu mengi niliyoyasikia. Anapeleleza kwa ridhaa ya nafsi yake. Hakutumwa, hivyo hakuna wa kumwambia aache. Washukiwa ndio ambao hawajaridhia, na nusu ya kichekesho cha hadithi hizi inatoka hapo.

Wafaransa walifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Wao husema amateur, kutoka Kilatini amator, yaani mpenzi, mtu anayependa. Waingereza wakaliazima neno, na likiwa mikononi mwao likaanza kushuka hadhi, hata likabeba pia maana ya mtu asiyejua kazi. Nadhani tulipolitafsiri tuliingiza mzigo huo bila kuukagua mlangoni. Haukuwa na haja. Kiswahili kina mwanagenzi kwa anayejifunza, limbukeni kwa aliyepata kitu jana na leo anakitambia, na mlipuaji kwa anayefanya kazi ilimradi iishe. Maneno hayo yapo na yana afya njema. Kwa nini tuibebeshe ridhaa kazi ya mwenzake?

Anayetaka ushahidi aende kwa wanamichezo. Tunaposema ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa, tunatenganisha mifuko, hatupimi uzito wa konde. Jim Thorpe alishinda pentathloni na dekathloni katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, na mwaka uliofuata akanyang'anywa medali zote mbili kwa kuwa aligundulika kuwa aliwahi kulipwa kidogo kucheza besiboli. Hakuna aliyesema hakimbii vizuri. Kosa lake lilikuwa kwamba si wa ridhaa. Medali zilirudishwa kwa familia yake katika miaka ya 1980, yeye akiwa amekwisha kufa.

Kuna mkanganyiko wa pili, huu wa wasomi kidogo: kumwita kila asiye polisi "mpelelezi binafsi". Mpelelezi binafsi ana biashara. Ana wateja, ana ada, na kodi ya ofisi inamsubiri mwisho wa mwezi. Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Conan Doyle, watu humwingiza kwenye ridhaa kwa sababu anapiga fidla na anawacheka polisi, lakini yule ana wateja wanaopanda ngazi zake na wengine wanamlipa. Kazi ni kazi. Miss Marple wa Agatha Christie, aliyeanza kuonekana katika hadithi fupi mwaka 1927, ndiye wa ridhaa halisi: bibi wa kijijini asiyedai senti, anayeinama bustanini kwake na kuona nani anapita, saa ngapi, na amebeba nini. Kwetu kuna Bwana Msa, aliyeingia vitabuni mwaka 1960 kwa kalamu ya Muhammed Said Abdulla. Hana cheo cha polisi. Ana kiko, na ana subira ya kumwacha mtu aongee mpaka ajikwae mwenyewe.

Msisitizo wangu upo hapo kwenye cheo. Kukosa mshahara ni nusu ya maana. Nusu ya pili ni kukosa mamlaka. Mpelelezi wa ridhaa hawezi kupekua nyumba, kukamata, wala kumlazimisha mtu ajibu. Hana maabara. Amebaki na vitu vilivyo wazi mbele ya kila mtu, na lazima avisome kuliko sisi. Kwa hiyo waandishi wanapompa mimea si kwa ajili ya kupamba jalada. Mtu anayetunza mimea kwa kupenda amefanya mazoezi ya miaka ya kutazama kitu kisichosema.

Chukua okidi za kwenye kile kisa. Mizizi ya okidi nyingi, kwa mfano zile za jamii ya Phalaenopsis, imevikwa tabaka kama sifongo. Ikiwa kavu huonekana ya kijivu cha fedha; ikilowa hugeuka kijani papo hapo, kisha hurudi kijivu kadiri inavyokauka. Mshukiwa anaapa kwamba hakuna aliyekanyaga chumbani tangu jana, na mizizi iko kijani kibichi. Au mmea uliokaa dirishani wiki kadhaa: upande wa shina ulio kivulini hurefuka zaidi, kwa kazi ya homoni iitwayo auksini, na mmea mzima ukaelemea mwanga. Ukiukuta umelipa dirisha kisogo, kuna mkono uliougeuza au kuuhamisha, na si zamani. Polisi angeona chungu na majani.

Tena kuna ile mimea ya mabaka meupe ambayo watu hugombania. Sehemu nyeupe hazina klorofili, na mpangilio wa mabaka haufanani jani kwa jani. Jani likishakunjuka, mabaka yake hayahami. Mwizi akikata pingili moja yenye kijicho na jani lake, ameondoka na shahidi: picha ya zamani ya jani hilo inatosha kumwaibisha. Majani mapya yatakuja na sura zao, lile kuukuu halibadiliki. (Wenye mimea hii hupiga picha kila jani. Tuliwaona wendawazimu.)

Na wizi wenyewe haukubuniwa na waandishi. Januari 2014, katika bustani ya Kew jijini London, yungiyungi dogo kuliko yote duniani, Nymphaea thermarum, liliibwa hadharani kutoka kwenye maonyesho. Asili yake ni kando ya chemchemi ya maji moto nchini Rwanda, na wakati huo lilihesabiwa kuwa limetoweka porini. Jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita moja tu. Polisi waliitwa, kama ipasavyo. Lakini fikiria mwaka mmoja baadaye, bakuli limewekwa kwenye kizingiti cha dirisha la mtu: nani angejua anachokitazama? Anayelitambua yungiyungi hilo kwa jani lake ni yule anayeyapenda mayungiyungi.

Najua kuna atakayesema huyo basi ni mdaku mwenye chungu cha maua. Hapana, japo wote wawili huchungulia. Mdaku huanza na jina la mtu kisha akatafuta kosa la kumfaa. Mwenzake huanza na mzizi uliolowa, na jina hulipata mwishoni, mara nyingine akiwa hataki kulipata kwa sababu ni la rafiki yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyenisimulia kile kisa, sikukasirika sana. Hata mimi zamani nilisema hivyo hivyo. Ukimsimulia mwingine, sema mama yule alikuwa mpelelezi wa ridhaa, halafu weka nukta. Ile "tu" iondoe. Na pale kwenye "alibahatisha", rudi ukurasa ambao aliinua chungu usawa wa macho akatazama mizizi, kabla hajamuuliza mtu yeyote neno lolote.