Ule unga mlangoni si dawa

"Dada, hawa watu wameweka dawa mlangoni." Nasindikiza wagonjwa kutoka Dar kwenda kutibiwa Chennai, kusini mwa India, na maneno haya nimeyasikia mpaka yamenichosha. Mtu ameamka alfajiri, amefungua mlango wa gesti, ameona michoro myeupe chini. Basi siku hiyo havuki kizingiti. Mmoja alitaka kutokea dirishani, na mshono bado mbichi!

Ile ni kolam. Kila alfajiri mama wa nyumba, binti yake au msichana wa kazi hufagia mbele ya mlango na kunyunyiza maji vumbi litulie. Kisha huchota unga na kuudondosha kwa ncha za vidole: kwanza nukta, safu kwa safu, halafu mstari unaozizunguka mpaka unarudi ulikoanzia. Unga wa asili ni wa mchele, ingawa siku hizi wengi hutumia wa mawe. Ule wa mchele huliwa na sisimizi na ndege, na kwa wenyeji hiyo ni sadaka. Mchoro unasema nyumba imeamka, imefagiliwa, na Lakshmi, mungu wa kike wa neema wa Wahindu, anakaribishwa. Nyumba yenye msiba haichorwi. Pikipiki hupita juu yake, jioni umefutika, kesho unachorwa mwingine. Katika mwezi wao wa Margazhi, kuanzia katikati ya Desemba, utakuta mingine imejaa barabara. Kanyaga upite, mgonjwa wangu, sindano inakusubiri.

Anayetafuta kinga ya kijicho atazame juu: boga lililochorwa uso wa kutisha, au ndimu na pilipili kwenye uzi. Hizo kweli ni za husuda, na wala hazikuhusu wewe.

"Wahindi hawali nyama." Umewazoea Wahindu wa Kigujarati wa Kisutu, pale Dar. Utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, uliotolewa 2021 ulikuta asilimia 39 tu ya watu wazima India wanaosema hawali nyama kabisa, na Chennai ina bandari nzima ya wavuvi, Kasimedu. Dagaa waache nyumbani.

"Daktari amekataa, ametikisa kichwa." Kichwa kikiyumba bega hadi bega, jibu ni "sawa", au "nimekusikia".

Na Kihindi cha sinema usihangaike nacho. Huku ni Kitamil, na salamu ni vanakkam.